Mwalimu Akisahau Kutoa Moto

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Niko kidato cha tatu, na darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu hufika kwenye meno likarudi. Wengine hunionea huruma, wengine husema nina maringo. Mwalimu peke yake ndiye aliyeona kwamba kunyamaza kwangu kunaweza kupewa kazi, na kazi aliyonipa sikuipenda hata kidogo.

Alinipa sebuleni kwake, alasiri moja ya mvua, akikaza skrubu za amplifaya yake.

"Wewe huongei ovyo," alisema. "Na sijakusikia ukidanganya ili mtu afurahi. Kwa hivyo sikiza. Siku utaniona nimeruka hatua ya hii mashine, uniambie. Hapo hapo. Usiende kwanza kunong'onezana na Cucu jikoni."

Nikamuuliza nitajuaje kwamba ameruka.

"Hatua si nimekufundisha? Utajua. Mimi ndiye sitajua."

Alisema hivyo kama mtu anayesema majani chai yatachumwa Jumatatu. Lakini nilikuwa nimeanza kuona vitu. Alikuwa akiniita kwa jina la binti yake aliyeolewa Nakuru. Miwani yake ilipatikana ndani ya kopo la sukari, na Cucu, mke wake, alicheka sana, halafu akaenda kusimama nyuma ya jikoni peke yake. Ile mashine ndani ina moto wa umeme wa kuua mtu. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha hivyo. Kwa hivyo nilielewa nilichoombwa. Nilitakiwa kumwambia mzee, uso kwa uso, kwamba akili yake imeteleza, na nisipomwambia anaweza kufa mbele yangu.

Hapa Chepseon kila mtu humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha, hata kinyozi wa sokoni ambaye hawasalimiani. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Yeye na Cucu walitoka upande wa Wakikuyu, lakini shamba lao la chai limepakana na letu tangu kabla Mama hajaolewa, na Kipsigis chake ni safi kuliko changu. Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa akisema Mwalimu anaongea Kipsigis kama mtu anayesomea watu hukumu. Jioni Mama alikuwa akinituma kwao na maziwa, nami narudi na fizikia.

Mashine yenyewe ni sanduku zito la chuma. Juu yake zimesimama valvu, vioo vyembamba kama chupa ndogo, na ikiwashwa kila moja hushika wekundu kidogo tumboni, kama kaa lililofunikwa jivu. Vijana wa kanisa wana amplifaya mpya, nyepesi kama sinia, na walizoea kumtania.

"Mwalimu, hiyo ni ya muziki ama ya kuchemsha githeri?"

"Hiyo yenu ikiimba," aliwajibu, "mwimbaji hapumui."

Ni kweli. Kwa Mwalimu ungesikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.

Haikuwashwa haraka haraka.

"Spika kwanza. Imefungwa?"

"Imefungwa."

"Umeona, ama umeamini?"

Swali hilo aliliuliza kuhusu kila kitu, hata nilipomwambia ng'ombe wetu amezaa. Ilibidi nizunguke nyuma ya meza nikaone waya za spika kwa macho yangu. Mashine ya valvu ikipigwa bila spika, alisema, nguvu inakosa pa kwenda na transfoma inaungua ndani kwa ndani. Halafu aliangalia nafasi, pazia likae mbali, hewa ipite, na kitambaa cha kufuma cha Cucu kisiwe juu ya mashine hata wageni wakija. Kwa hicho kitambaa walipigana vita miaka yote niliyowajua. Cucu alikiweka, Mwalimu akakitoa, na hakuna aliyesema neno.

Akishatengeneza kitu ndani, hakuichomeka moja kwa moja ukutani. Alipitisha stima kwanza kwenye balbu ya zamani, ile ya waya ndani, aliyoifunga kwenye kibao. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo ni sawa. Ikiwaka kwa nguvu na kukaa hivyo, kuna mahali waya zimegusana, na balbu imebeba hasira ambayo ingeunguza mashine. Aliiita Mlinzi. "Mlinzi amekasirika," alikuwa akisema, na kuzima. Pia alinifundisha kuangalia valvu kubwa. Ule wekundu mdogo wa katikati ni wake wa kawaida, lakini bati la ndani likianza kuwa jekundu, usiulize mtu, zima.

Nyuma ya nyumba alikuwa amepigilia chuma kirefu ardhini, na waya wa kijani ukatoka hapo mpaka kwenye soketi. Kiangazi, udongo ukipasuka, alikimwagia maji. Watoto tulichungulia kwenye ua tukisema Mwalimu ananywesha msumari ili uote. Baadaye nilikuja kujua ni waya wa ardhi, na kwamba udongo mkavu haupokei vizuri moto uliotoroka.

Kitu kilichomharibia jina zaidi ni mkono wake wa kushoto. Hapa kwetu ukimsalimia mtu wa heshima unanyoosha wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko. Mwalimu alinyoosha wa kulia, na wa kushoto ukabaki mfukoni mwa sweta. Alimsalimia hivyo mchungaji. Alimsalimia hivyo chifu. Siku walipoenda kumposea mpwa wake upande wa Kapsoit, aliwasalimia hivyo wazazi wa msichana, na ikabidi mtu asimame kueleza kwamba si dharau. Ni mazoea ya kazi. Kama ni lazima upime ndani ya mashine yenye moto, tumia mkono mmoja, mwingine ukae mfukoni, kwa sababu moto ukiingia mkono huu na kutokea ule, umepita kifuani.

"Kwani kwa mchungaji pia kuna moto?" Cucu alimuuliza tukinywa chai.

"Humjui huyo mchungaji," akajibu.

Hakuwa mtu mpole, na sitaki kumfanya malaika. Siku moja kanisani vijana wa vyombo walikuwa wamefunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Mwalimu alinusa kitu, akainuka katikati ya matangazo, akaenda kuzima swichi kubwa. 

"Afadhali mchungaji asisikike kuliko asikike akiungua," akasema. Halafu akainua ile karatasi juu watu wote waione. "Fyuzi imekubali kufa kwa niaba yenu. Mkiinyima kufa, mtakufa ninyi. Na mtuambie pia hii sigara ilikuwa ya nani."

Kijana mmoja hakurudi kanisani kwa muda mrefu. Mwalimu hakuona haja ya kumtafuta.

Lakini mtu huyo huyo alimeza dawa zake za presha siku alizojisikia tu. Baiskeli yake haikuwa na breki, na mteremko wa kwenda kituo cha majani chai aliushuka akikanyaga tairi kwa soli ya kiatu. Radi nayo aliiogopa kuliko mtoto. Huku kwetu alasiri bila radi ni ya kushangaza, na ile ya kwanza ikilia mbali upande wa Londiani, alichomoa plagi zote, akavaa gambuti zake za mpira, akaketi juu ya kiti cha mbao katikati ya sebule mpaka ipite. Nilimuuliza kama gambuti huzuia radi.

"Hapana," akasema. "Zinanizuia mimi kukimbia."

Upole wote aliowanyima watu aliupa mashine ikiugua. Spika ya kushoto ikikwaruza, hakuanza kukata waya. Alizima, akafuata hatua zake, akangoja valvu zipoe, akabadilisha ya kushoto na ya kulia. Akiwasha na mkwaruzo umehamia kulia, basi valvu ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, ugonjwa uko kwingine. Alipenda kutumia hiyo njia hata kwa maisha, na hapo hakupata kila mara. Nilipomwambia kuna msichana ananicheka darasani, alisema nihame dawati; kicheko kikinifuata, shida ni yangu. Nikahama. Kicheko kikanifuata. Nilikaa siku nyingi nikimpelekea maziwa bila kuketi. Mwishowe akasema, "Basi hiyo njia ni ya valvu tu." Sijawahi kumsikia akimwomba mtu msamaha kwa njia nyingine.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, majirani walipogeukiana, yeye na Cucu walitoka hapa na nguo walizovaa. Kabla ya kutoka, alikuja kwetu amebeba mashine kwa blanketi. Sikuwa nimezaliwa, ni Kogo aliyenisimulia. Mbuzi wao waliachwa, godoro likaachwa. Kogo aliifukia mashine ghalani chini ya mahindi na akamwambia kila aliyeuliza kwamba hapo ni mahindi tu. Hali ilipotulia wakarudi, nyumba haina mlango, na Mwalimu alipofika kwetu hakuuliza mbuzi.

"Iliingia maji?" ndiyo salamu yake.

Kogo alichukia. Cucu naye hakusahau. Nimemsikia akisema, "Mimi niliolewa na mtu aliyeacha mbuzi akabeba taa." Lakini usiku ule wa kwanza, Kogo alisema, ile mashine iliimba wimbo wa kanisa katika nyumba isiyo na mlango, na watu wa huku wote wakasikia kwamba hao wawili wamerudi na hawaendi tena.

Sasa niseme kosa ambalo watu wetu hulifanya, maana ndilo lililomkera kuliko yote. Stima yetu hupotea mara kwa mara, mti ukianguka kwenye waya au bila sababu yoyote. Na ikipotea, ndipo watu hufungua vitu vyao kuvitengeneza. "Stima haiko," wanasema, na kuingiza mikono. Kinyozi alifungua televisheni yake hivyo, akarushwa mpaka kwenye kioo cha wateja. Mwalimu alisimulia habari hiyo kila mahali, na ndiyo sababu hawasalimiani.

Ndani ya mashine kuna vikopo vinaitwa kapasita. Kazi yao ni kuweka moto, na havina habari kwamba huko nje stima imepotea. Valvu zikiwa mahali pake, na bado zina joto, mara nyingi hunywa moto uliobaki. Lakini huwezi kuamini, lazima uone. Kwa hivyo unazima, unachomoa, unapima kwa mita, unatoa moto polepole kwa rizista kubwa, kifaa kinachoupunguza nguvu, chenye waya ndefu na vibanio, halafu unapima tena. Bisibisi haifai, kwa sababu inapiga cheche na kukuharibia mkono na kapasita pia.

"Hii ndiyo hatua," alisema. "Hizo zingine ni adabu."

Siku yenyewe ilikuja shule ikiwa imefungwa. Mashine ilikuwa ikivuma, sauti nzito chini ya muziki, na Mwalimu alitaka kujua kama inatoka mahali stima inapoingilia. Alikuwa ametoa valvu zote na kuzifunga kwa taulo, isipokuwa ile moja inayogeuza stima ya ukutani na kujaza kapasita. Mashine ililala mezani chali, tumbo wazi, ikiwa imepitishwa kwa Mlinzi. Nje kulikuwa na mvua ya kimya, bila radi. Stima ikapotea.

Mlinzi akazimika. Friji ya Cucu ikanyamaza. Mwalimu alivuta kiti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama juu ya mashine. Mkono wa kushoto ulikuwa nje.

Nilingoja achukue mita. Ilikuwa dirishani, na hakuiangalia.

"Mwalimu." Haikutoka sauti. "Mwalimu."

"Nini?"

"Hujatoa moto."

"Stima haiko. Huoni?"

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kinywani mwake, lakini kila mara akimwigiza kinyozi. Nilingoja acheke. Hakucheka, na vidole vyake vilikuwa vinashuka.

Nikamshika sweta. Mimi, ambaye husalimia watu nikiangalia viatu vyao, nilimshika mzee sweta nikavuta.

"Valvu ziko kwa taulo," nikasema. "Hakuna kitu cha kunywa moto. Pima."

"Niache."

"Nitakuacha ukipima."

"Nimesema toka, kairetu. Toka kwangu."

Hakuwa amewahi kunitupia Kikuyu. Kairetu ni msichana tu, si tusi, lakini alivyolisema lilikuwa tusi. Nililia na sikuachilia. Akachukua mita kwa hasira, ile ya mtu anayetaka kukuonyesha ulivyo mjinga, akabana waya mweusi kwenye bati la sanduku, akagusa kapasita kwa ule mwekundu.

Ilisoma zaidi ya volti mia tatu.

Sijui aliangalia ile nambari kwa muda gani. Baadaye alinyoosha mkono kutafuta rizista, na nilipoona anaitafuta mahali sipo, niliisukuma karibu naye. Alifunga vibanio, kimoja halafu kingine, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni sasa, na tukaangalia nambari ikishuka. Ilipoisha alipima tena, kama inavyotakiwa. Akaweka kifuniko.

"Sasa toka," akasema, bila kuniangalia.

Nikatoka. Cucu alikuwa mlangoni na chupa ya chai, na uso wake ulionyesha kwamba ameona yote. Nilikuwa sijanong'ona kwake hata neno moja, lakini jioni hiyo alimpigia binti yao simu. Mkwe akaja na pikapu, wakaipakia mashine pamoja na lile taulo na kwenda nayo Nakuru. Mwalimu alibaki chumbani mpaka sauti ya gari ikaisha. Cucu akatandika kitambaa chake juu ya ile meza tupu, na hakuna aliyekitoa.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Niliokoa mtu, si hivyo husemwa? Lakini Mwalimu aliacha kunifundisha. Aliacha kwenda kumwagia chuma chake maji. Aliacha hata kugombana. Cucu alinikuta kituo cha majani, tukingoja yapimwe, akanivuta kando.

"Ulifanya vizuri, mama," akasema. "Usisikie mtu akikuambia vingine. Lakini nilizoea kukaa na mtu wa kelele. Sasa nakaa na kiti."

Nilimwambia Mama. Mama akasema niwe napeleka maziwa na kurudi, mambo ya watu wazima yana wenyewe. Nilifanya hivyo kwa muda. Kuna jioni nilitamani ningekuwa nimenyamaza kama ninavyonyamaza kila mahali, kisha nikakumbuka ile nambari, na nikabaki sina mahali pa kuweka moyo wangu.

Juzi nilimkuta peke yake. Cucu alikuwa amepeleka majani. Mwalimu alikuwa ameketi akiangalia ile meza, na safari hii alinijua, akaniita kwa jina langu, akaniambia niketi.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Iko Nakuru, kwa binti yako."

"Nani aliitoa?"

"Cucu. Lakini ni kwa sababu yangu."

Akageuka kuniangalia vizuri. "Wewe ulifanya nini?"

Nikamweleza. Stima ilikuwa imepotea, valvu ziko kwa taulo, na alikuwa akiingiza mikono yote miwili.

"Mimi?"

"Wewe."

"Bila kupima?"

"Bila kupima."

Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mwanafunzi mzembe. "Na wewe ulikuwa hapo, ukanyamaza?"

"Nilikuambia."

"Nikasemaje?"

Ningeweza kumwambia alisema asante. Hakuna mtu angenipinga, na yeye angelala na hilo vizuri usiku ule. Alikuwa akinisubiri, mikono juu ya magoti.

"Uliniambia nitoke kwako."

"Ukatoka?"

"Nilikataa mpaka utoe moto."

Nje watu walikuwa wakipita na vikapu vya majani, wakicheka.

"Hiyo ni sawa," akasema, kwa ile sauti aliyotumia hesabu ikitoka vizuri. "Nani alikufundisha?"

"Wewe."

Akaonekana kufurahi, halafu akaonekana hajui amefurahia nini. Nikammiminia chai. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini, akageukia tena ile meza.

"Mashine yangu iko wapi?"

Nikavuta kiti karibu naye, nikamweleza tena tangu stima ilipopotea, na sikuruka pale aliponifukuza.